Vidole Vitano Chini ya Goti

Bulla Iftin, Garissa
5 Januari 1998

Abti Ramlo,

Assalaamu alaykum. Kimya changu kimekuwa kirefu, nami sina udhuru unaokitosha. Barua zako mbili za Septemba na Oktoba zimelala mezani bila jibu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasimamisha wanafunzi juani kwa kuchelewesha insha siku moja. Nisamehe. Ningeweza kulaumu mvua hizi, ambazo zimekata barabara na kuifanya posta iwe nyumba ya kuku, lakini sitaki kuanza mwaka kwa kusingizia mvua.

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yangu, ingawa mjomba na mpwa tunaitana abti kwa Kisomali. Kisomali sikufundishwa kukiandika, na Kiingereza hakifai kwa jambo la nyumbani. Jambo lenyewe ni hili.

Mguu wangu wa kushoto umevimba kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Ulianza katikati ya Desemba, kidogo kidogo, kisha ukaamua. Ngozi imekaza mpaka inang'aa. Nikisimama, shavu la mguu linabana kana kwamba kuna mtu aliye ndani anayekaza kamba. Ndara ya kulia inaingia bila taabu, ya kushoto nimeikata ukanda. Katika swala nakaa kitini, na imamu, ambaye nilimfundisha darasa la tatu, ananitazama kwa huruma nisiyoiomba.

Sikuanguka. Sikuumwa na nyoka wala nge. Sikusafiri popote; tangu mvua ianze nimekaa hapa nyumbani. Kwa hiyo nimelazimika kutafuta sababu ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba tuko wawili tu.

Unamjua Shamis, mke wa mwanangu Guleid. Unajua pia jinsi Guleid alivyomwoa kule Diff miaka miwili iliyopita bila kuniuliza, akaniarifu kwa barua kama mtu anayearifu posta kwamba amebadilisha anwani. Tangu mama yake Guleid afariki, Shamis ndiye anayenipikia, na Guleid yuko bandarini Mombasa. Amemwahidi kumchukua siku ambayo mimi sitahitaji tena mtu wa kunipikia. Yafikirie maneno hayo, kama ninavyoyafikiria mimi.

Chai yake imebadilika ladha. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, ananiuliza kwa heshima kama baba yake mdogo, "Adeer, mguu umeamkaje?" Mtu asiye na habari na jambo haliulizii kila siku. Juzi nilimkuta ameshika ndara yangu iliyokatwa, anaigeuzageuza.

Wewe ni tabibu wa serikali na una mhuri. Naomba uniandikie karatasi, yenye mhuri huo, inayosema kwamba uvimbe wa namna hii unaweza kutokana na kitu kilicholiwa au kunywewa. Nitaiweka mbele ya Guleid na mbele ya watu wa Shamis baada ya Idi, kisha kila mmoja ashike njia yake.

Mjomba wako,
Daud Abdilatif
Mwalimu Mkuu mstaafu


Hospitali ya kambi ya wakimbizi, Ifo
10 Januari 1998

Abti mpenzi,

Waalaykumu salaam, na Ramadhani karim. Barua yako imenifikia kwa mkono wa muuguzi wetu Khadra, anayekwenda na kurudi kwa ndege ya dawa. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kama ulivyotuzoesha.

Mhuri sitautia. Usikasirike kabla ya kumaliza ukurasa. Chai yenye sumu haichagui mguu wa kushoto. Ingeingia tumboni, ingekutapisha, ingekuharisha, ingekulaza. Haishuki hadi kwenye shavu la mguu mmoja ikatulia hapo kama mgeni aliyepewa mkeka.

Mguu huvimba kwa sababu nyingi, na kila sababu ina alama zake. Moyo ukichoka, au figo zikishindwa, miguu huvimba yote miwili, na mtu huamka na uso mzito. Jeraha dogo au mwiba ukiingiza uchafu, ngozi huwa nyekundu, huwa moto, na homa huja. Msuli ukichanika, mtu hukumbuka saa na dakika. Wako watu wa pwani wanaovimba kwa sababu ya vijidudu vya mbu, lakini hilo huchukua miaka. Tena kuna damu kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Hiyo hupata mguu mmoja, hukaza, huuma mtu akisimama, na mara nyingi huja baada ya kulala kitandani muda mrefu au kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu. Hiyo ndiyo naiogopa. Bonge la damu likikatika, husafiri hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa akiwa anazungumza na wewe.

Naomba unijibu kwa nambari, kama mtihani wako wa Ijumaa. Moja: ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki? Mbili: ni wa moto kuliko mwenzake? Tatu: mguu wa kulia ukoje? Nne: kabla ya kuvimba, ulikaa mahali pamoja siku nyingi? Uliugua? Ulisafiri? Tano: umeruhusu mtu aukande au auchome?

Lakini usingoje jibu langu. Nenda hospitali ya mkoa kesho asubuhi. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mkokoteni wa punda. Wala usimwondoe Shamis nyumbani kwa sababu ya ladha ya chai. Mwezi wa mvua hizi maji yote ya Garissa yana ladha ya tope.

Mpwa wako,
Ramlo


Ifo
10 Januari 1998

Kwa Shamis, abaayo, dada yangu,

Khadra atakupa barua hii mkononi. Iweke mbali na meza ya Mwalimu.

Najua yanayoendelea katika nyumba hiyo, na siyaamini. Lakini najua pia kwamba mzee wetu hatakwenda hospitali kwa kuambiwa na mpwa wake. Anataka ushahidi. Basi nisaidie kuupata.

Chukua uzi wa cherehani. Akilala baada ya adhuhuri, hesabu vidole vitano chini ya goti la kulia, uzungushe uzi hapo bila kukaza, ufunge fundo pale uzi unapokutana na mwanzo wake. Mwanzo wenyewe nao uwe na fundo. Kisha fanya vivyo hivyo mguu wa kushoto, kwa uzi uleule, ufunge fundo la tatu. Nitumie uzi huo kwa Khadra. Nikiwa na uzi, nitajua miguu inapishana kwa kiasi gani, hata nikiwa huku.

Usimwambie. Ukimwambia atakataa, kisha atafunika miguu kwa blanketi hadi Idi. Niahidi kwamba hutamwambia.

Niambie pia, kama unajua: mwezi wa Desemba alikuwa wapi?

Ramlo


Garissa
14 Januari 1998

Dada Ramlo,

Salaam. Unisamehe mwandiko. Niliacha shule darasa la sita. Kiswahili hiki ni Mwalimu amenifundisha, hapa hapa mezani kwake, kila siku baada ya alasiri tangu nije. Sasa hanifundishi. Wiki ya pili leo. Kitabu changu amekirudisha kwenye kabati na ufunguo anao yeye.

Nakuahidi. Sitamwambia juu ya uzi.

Juu ya Desemba siwezi kukujibu. Kuna jambo mtu aliniapisha nisiseme. Mimi nikiapa sisemi, hata likinirudia. Ukitaka kujua muulize mwenyewe.

Mguu ni wa moto. Niliugusa wakati nampa maji ya udhu. Na umebadilika rangi, unakwenda kwenye zambarau. Tangu Jumapili hanywi chai yangu. Anafuturu kwa tende na maji anayoteka mwenyewe, anatembea na ndoo kwa mguu huo. Jana nilimwambia, "Adeer, niachie ndoo."

Akasema, "Ndoo sijaitilia shaka bado. Wewe tangulia ndani."

Nikacheka kidogo, nikadhani anatania kama zamani. Hakuwa anatania.

Amemwita pia Mzee Abdijabar, yule anayechoma watu kwa chuma cha moto. Atakuja wiki ijayo. Mama yangu alichomwa hivyo mgongoni na akapona, lakini huu mguu unaniogopesha. Kuchoma kuna dhara au hakuna? Niambie upesi.

Nitapima nikipata nafasi.

Shamis


Bulla Iftin, Garissa
18 Januari 1998

Abti Ramlo,

Nimepokea mtihani wako. Kwanza nikupe majibu. Moja: shimo linabaki, kwa muda wa kuhesabu kumi na mbili. Mbili: ndiyo. Tatu: mguu wa kulia ni mzima kama ulivyoumbwa. Nne: hapana, hapana na hapana, nimekwisha kusema kwamba sikutoka nyumbani, na sijazoea kuulizwa jambo moja mara mbili. Tano: bado.

Sasa acha mtihani. Ulitaka nisimshuku mtu kwa ladha ya chai. Sikuletei ladha safari hii.

Jana, Jumamosi, nililala kidogo barazani baada ya adhuhuri, kwa kuwa saumu na mguu havipatani. Niliamka kwa kuhisi kitu kinatambaa chini ya goti. Shamis alikuwa amepiga magoti miguuni pangu. Alikuwa na uzi mweupe, ameuzungusha mguuni kwangu, na anafunga fundo. Uzi ule tayari ulikuwa na mafundo mawili.

Nikamwuliza, "Unafanya nini?"

Akamalizia fundo. Nikamwuliza tena.

"Adeer, siwezi kusema."

"Nani amekutuma?"

"Siwezi kusema."

"Basi utasema mbele ya watu wenu."

Akasema, "Sawa, adeer." Akainuka, akaenda kuchambua mchele. Hakutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Huhitaji mimi nikuambie kwa nini watu wa dini yetu huomba kinga dhidi ya mafundo ya wachawi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Nimeutia uzi katika bahasha, nimeifunga, nimeandika tarehe na saa. Kabla ya kuufungia nimeupima kwa rula yangu ya shule, ili mtu asije akaubadilisha. Kutoka fundo la kwanza hadi la pili ni sentimeta thelathini na tatu na nusu. Kutoka fundo la kwanza hadi la tatu ni sentimeta thelathini na nane. Sijui nambari hizo zina maana gani kwa wanaozitumia, na sitaki kujua.

Nimemwandikia Guleid. Nimemwandikia pia Warfa, mjomba wa Shamis aliyeko Diff, aje na watu wake wamchukue. Tutakaa siku ya pili ya Idi. Nitaufungua uzi mbele yao, na Guleid atatamka talaka. Sihitaji mhuri wako tena.

Mjomba wako,
Daud Abdilatif


Ifo
22 Januari 1998

Abti,

Nakuandikia kwa haraka, Khadra anaondoka baada ya saa moja.

Uzi ni wangu. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia azungushe uzi vidole vitano chini ya goti, kwanza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anitumie niupime, nami nikamwahidisha asikwambie. Alipokujibu kwamba hawezi kusema, alikuwa akitunza ahadi niliyomfunga nayo. Kosa ni langu, nami nitalisema mbele ya Warfa na mbele ya yeyote utakayemwita.

Sasa tazama ulichofanya. Umeupima ushahidi wako kwa rula ukaniandikia. Thelathini na tatu na nusu ni mguu wako wa kulia. Thelathini na nane ni wa kushoto. Zinapishana sentimeta nne na nusu. Katika kazi yetu, zikipishana tatu tu tunamlaza mtu kitandani na kumzuia hata kwenda msalani. Ulioufungia kwenye bahasha ni ugonjwa wako.

Lakini kulikuwa na jambo lisiloniingia akilini. Damu haigandi hivi kwa mtu anayezunguka nyumbani, anakwenda msikitini, anawasimamia watoto wa jirani wakisoma. Kwa hiyo, Abti, nami nimekuwa na shaka zangu, na si juu ya Shamis.

Juzi aliletwa hapa mgonjwa kutoka upande wa Ijara. Aliyemleta ni dereva mmoja wa lori la mifugo, Noordin. Aliposikia natoka Garissa akaniuliza kama namjua Mwalimu Daud. Nikamwambia ni abti wangu.

"Wallahi, mtu yule ni jiwe," akasema. "Tulikwama naye njia ya Sangailu mwanzo wa Desemba. Siku sita. Watu wote walishuka, wakakata matawi, wakalala juu ya turubai. Yeye alibaki kiti cha mbele, magoti kifuani, chini ya miguu yake kuna betri na madebe. Nikamwambia, 'Maalim, shuka unyooshe miguu.' Akaniambia, 'Kanzu hii ni mpya, na mimi siendi kuposa nikiwa na tope.' Ikimbana haja tulimbeba mgongoni kama bibi harusi."

Alicheka sana. Mimi sikuweza. Hakujua kwamba ananipa jibu la swali langu la nne.

Sikuulizi umeposa nani, wala kwa nini ulitaka iwe siri. Shamis anajua ulisafiri. Nilimwuliza Desemba ulikuwa wapi, akanijibu kwamba ameapishwa. Nadhani nimemjua aliyemwapisha. Yaani umemshtaki mtu anayekaa kimya, na kimya chenyewe ni wewe uliyemwagiza.

Usiukande mguu. Usimruhusu Mzee Abdijabar auguse. Usitembee na ndoo. Nenda hospitali leo, na daktari akikuuliza kama ulikaa siku nyingi bila kunyoosha miguu, mwambie kweli, kwa sababu dawa itafuata jibu lako.

Ramlo


Garissa
27 Januari 1998

Dada Ramlo,

Ndege ilichelewa. Barua yako kwa Mwalimu imefika jana. Ameisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akakaa. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaniambia nimwache peke yake. Hospitali hakwenda.

Mzee Abdijabar alikuja Jumatatu iliyopita na chuma chake. Nilimwambia mlangoni Mwalimu amelala. Hakuwa amelala, alikuwa anasoma. Kwa hiyo nami nina uongo mmoja, uandike pamoja na mengine.

Leo asubuhi ameniita. Nikaingia nimeshika dera langu, nilijua ataniambia nifunge vitu vyangu. Alikuwa ameshika kifua upande wa kushoto. Alisema, "Nikivuta pumzi inanichoma." Uso ulikuwa na jasho na midomo imebadilika rangi.

Nimesimamisha mkokoteni wa maji njiani, nikamwaga madebe mawili ya watu, nimemlaza juu. Aliniambia, "Umemwaga maji ya watu." Nikamwambia, "Nyamaza, adeer." Sijawahi kumwambia hivyo.

Naandika haya nikiwa nje ya wadi. Mjomba Warfa na watu wawili wamewasili leo kutoka Diff, wako nyumbani, hawajui kama wamekuja kunichukua au kuzika. Guleid atafika kesho kwa basi, kama daraja linapitika.

Niombeeni.

Shamis


Wadi ya wanaume, Garissa
4 Februari 1998

Abti Ramlo,

Niko hai. Naandika nimelala chali, karatasi iko juu ya ubao, kwa hiyo mwandiko huu usimwonyeshe mtu yeyote niliyemfundisha.

Ulikuwa sahihi katika kila jambo, na sipendi kuandika sentensi hiyo. Damu iliganda mguuni, na kipande kidogo kilikwenda kwenye pafu. Daktari anasema kingekuwa kikubwa zaidi asingenipata wa kuzungumza naye. Nachomwa sindano tumboni asubuhi na jioni ili damu isigande zaidi, na baadaye nitameza vidonge kwa miezi mingi.

Naona ni wajibu wangu kukueleza jinsi ilivyokuwa siku ya kwanza, kwa kuwa Shamis hatakueleza.

Daktari, kijana wa kutoka upande wa Meru, aliniuliza, "Mzee, umesafiri karibuni? Umekaa siku nyingi bila kunyoosha miguu?" Shamis alikuwa amesimama kando ya kitanda, bado ana tope la mkokoteni kwenye dera. Aliangalia ukuta. Nilijua kwamba nikisema hapana, atakaa kimya kama alivyokaa mwezi mzima. Nikasema, "Ndiyo. Siku sita, ndani ya lori, njia ya Sangailu." Yule kijana akaandika. Hakuna aliyeshangaa. Jambo nililolificha kama mtu anayeficha wizi lilichukua nusu mstari kwenye faili.

Kisha akatoa utepe wa kupimia mfukoni. Akaweka vidole vitano chini ya goti langu la kulia, akauzungusha. Akaweka vidole vitano chini ya goti la kushoto, akauzungusha. Vidole vyake vilitua palepale, Ramlo. Palepale alipokuwa ameutia uzi yule mwanamke aliyepiga magoti, nami nikamwita mchawi moyoni mwangu. Nilifumba macho. Daktari alidhani naumia.

Huko Sangailu nilikwenda kumposa Amino, mjane, dada ya mwanafunzi wangu wa zamani. Sikumwambia mtu. Miaka miwili nimemsimanga Guleid kwa kuoa bila kuniuliza, nami nikapiga pasi kanzu, nikatia hina ndevuni, nikapanda lori bila kumwambia hata mwanangu. Niliporudi baada ya siku kumi na sita, Shamis alinifungulia mlango. Hakuniuliza kitu. Nikamwapisha kabla sijavua viatu. Baadaye nadhani sikuweza kumvumilia kwa sababu kila nilipomwona nilimwona mtu anayejua. Ni rahisi zaidi kumshuku mtu wa namna hiyo kuliko kumtazama usoni.

Siku ya pili ya Idi tulikaa, kama nilivyokuwa nimepanga, ila tulikaa hapa wadini. Warfa na watu wake wawili upande mmoja wa kitanda, Guleid upande wa pili, Shamis mlangoni. Niliwaomba bahasha, nikaifungua mbele yao, nikawaeleza uzi ni wa nini, nani aliuagiza, na nini nilichodhani. Nikawaeleza Sangailu pia. Guleid alitazama chini muda wote, nami nilishukuru kwa hilo.

Warfa alishika ndevu zake. Kisha akasema, "Tumesafiri siku nne katika tope kuja kumchukua mchawi. Sasa Mwalimu anatuambia tumchukue daktari. Tufanye nini?"

Nikamwambia kwamba mimi nimekwisha kusema mengi na sina haki ya kusema zaidi, wamwulize mwenyewe.

Wakamwuliza. Akasema kwamba anaweza kwenda Mombasa na mumewe, au Diff na mjomba wake, au kubaki katika nyumba yangu, na kwamba bado hajui ni ipi. "Mwezi mzima nimekuwa naamka nikijua nitafukuzwa," akasema. "Nipeni siku saba niamke kama mtu mwingine." Guleid akafungua kinywa. Warfa akamwambia, "Wewe nyamaza, umeoa mara moja bila kuuliza watu, sasa subiri uulizwe." Hata mimi nilicheka, na kifua kikanichoma.

Watu wa Amino walikuwa wanipe jibu baada ya Idi. Nimewaandikia wangoje. Siwezi kutafuta mke wa kunitunza kabla sijajua yule aliyekuwa akinitunza ameamua nini.

Shamis huja hapa kila asubuhi na uji. Ufunguo wa kabati nimempa siku ya kwanza, na kitabu chake amekitoa, lakini hajakifungua mbele yangu. Ananiuliza, "Adeer, mguu umeamkaje?" nami sasa namjibu kwa ukamilifu. Uzi nimemrudishia. Hukaa pale kwenye kiti cha chuma, anahesabu vidole vitano, anauzungusha, mimi nikiwa macho. Una fundo la nne tangu jana, na fundo hilo liko kati ya la pili na la tatu. Mguu unapungua.

Siku saba zinaisha Jumapili. Bado hajasema neno, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumwuliza, hata mimi. Nimeiweka karatasi na bahasha tayari chini ya mto. Akishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, uamuzi uwe wa namna yoyote.

Mjomba wako,
Daud Abdilatif